Mshahara ukikoma, bima nayo husimama

Juma hili tuyaweke kando mambo ya karo na arusi, tuzungumze juu ya jambo ambalo familia nyingi hulikumbuka zikiwa tayari zimesimama kwenye dirisha la malipo hospitalini. Nalo ni bima ya afya ya mzazi aliyestaafu.

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mko Nairobi, Mombasa, Nakuru au Garissa. Mmeajiriwa, mna duka, au bado mko chuoni. Baba au mama yuko nyumbani mashambani. Leo nawaomba tutazame Tarbaj, katika kaunti ya Wajir, kwenye barabara itokayo Wajir mjini kuelekea El Wak na Mandera. Nimechagua Tarbaj kwa sababu mambo ambayo mstaafu wa Thika au Voi huyaona kuwa usumbufu mdogo, kule huwa ni suala la maisha. Ukielewa jinsi mstaafu wa Tarbaj anavyopaswa kujipanga, wa kwenu hatakushinda.

Kule ni nyika. Mali ni ngamia, ng'ombe na mbuzi. Zahanati ziko mbalimbali, na ugonjwa ukizidi mgonjwa hupelekwa Wajir mjini, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Huko ikishindikana, safari huwa ya Garissa au Nairobi. Vijana wengi wa Tarbaj wamehamia mitaa kama Eastleigh kutafuta riziki, nao walimu, wauguzi, machifu na polisi waliotumikia serikali miaka thelathini hurudi nyumbani wakistaafu. Hurudi na heshima, na wengine hurudi na shinikizo la damu na sukari. Swali ni je, wanarudi na bima?

KADI YA ZAMANI

Jaribu kumuuliza mzee wako. Mara nyingi mazungumzo huwa hivi:

"Baba, bima ya hospitali unayo?"

"Ninayo, mwanangu. Kadi iko sandukuni."

Ukiitazama kadi hiyo utakuta ni ya NHIF, ile Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966. Mzee ameifunga kwenye karatasi ya plastiki, pamoja na kitambulisho na cheti cha arusi. Lakini kadi hiyo haina kazi tena. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii iliyotiwa sahihi Oktoba 2023 iliifuta hazina hiyo, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote tumezoea kuiita SHA.

Si ajabu wazee wengi walichanganyikiwa. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo inakiuka katiba. Septemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo, na mpango ukaendelea. Mtu aliye mbali na magazeti alisikia kuwa bima mpya imefutwa, kisha hakusikia lolote tena. Aliyekuwa mwanachama wa NHIF alitakiwa kujisajili upya, na wako wazee ambao hadi leo wanadhani uanachama wao ulihamia wenyewe.

Kwa hiyo, msomaji, la kwanza kuhakikisha ni kama mzazi wako amesajiliwa SHA. Usikubali jibu la "nadhani".

SIKU YA KUSTAAFU

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mtu akiwa kazini hahitaji kuifikiria bima. Kila mwezi mwajiri humkata asilimia 2.75 ya mshahara wake wote pamoja na marupurupu, na kuipeleka SHA. Yeye, mkewe au mumewe na watoto wanaomtegemea wanatibiwa. Watumishi wengi wa serikali huwa pia na bima nyingine kupitia kwa mwajiri.

Siku anapofikisha umri wa miaka 60, ambao tangu mwaka 2009 ndio umri wa kustaafu kwa watumishi wengi wa umma, mshahara hukoma. Makato nayo hukoma. Bima ya mwajiri hukoma. Hakuna afisa atakayemfuata Tarbaj kumwambia, "Mzee, sasa ni zamu yako kujilipia." Mbele ya SHA anahesabiwa pamoja na wasio na mshahara, kama mwenye kibanda cha chai na mchunga ngamia. Anatakiwa kujaza maswali ya kupima uwezo wa nyumba yake, kupewa kiwango chake, na kulipa mchango wa mwaka mzima.

Tazama uzito wa jambo hilo. Akiwa na umri wa miaka 35, hajaumwa hata mafua, bima ilikuwa ikimlipiwa bila yeye kujua. Akifika 60, magoti yanauma na daktari anamtaka kila mwezi, ndipo anapoachwa ajishughulikie mwenyewe.

Majirani zetu wa Tanzania waliliona jambo hili mapema. Mfuko wao wa bima ya afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, umekuwa ukiwatibu wastaafu waliochangia wakiwa kazini pamoja na wenzi wao. Kwa maneno mengine, mtu hulipia uzee wake wakati bado ana nguvu. Kwetu Kenya miaka thelathini ya makato haimwachii mstaafu haki hiyo. Mchango wa jana ulilipia matibabu ya jana.

TUPIGE HESABU

Wengine huogopa bima kwa kuwa hawajui itawagharimu kiasi gani. Basi tuchukue mfano. Tuseme kuna mwalimu wa Tarbaj aliyefundisha miaka 30, yaani miezi 360, chini ya mpango wa zamani wa pensheni. Mshahara wake wa msingi ni Sh40,000 kwa mwezi. Akiongezewa marupurupu ya nyumba na yale ya kufanya kazi katika mazingira magumu, jumla ni Sh60,000. SHA humkata asilimia 2.75 ya Sh60,000, ambayo ni Sh1,650 kila mwezi.

Sasa anastaafu. Pensheni huhesabiwa kwa mshahara wa msingi tu. Yale marupurupu ya mazingira magumu hayahesabiwi, ingawa mazingira yenyewe hayajabadilika. Mshahara wa msingi wa mwaka ni Sh480,000. Unazidishwa kwa miezi 360, kisha unagawanywa kwa 480. Jibu ni Sh360,000 kwa mwaka. Akichagua kuchukua robo yake kama kiinua mgongo, robo hiyo ya Sh90,000 huzidishwa mara ishirini, akapata Sh1,800,000 kwa mkupuo. Kinachobaki ni Sh270,000 kwa mwaka, yaani Sh22,500 kwa mwezi.

Tukichukua asilimia 2.75 ya Sh22,500 tunapata kama Sh619 kwa mwezi. Ni chini ya nusu ya alichokuwa akikatwa. Lakini mtu asiye na mshahara hatakiwi kulipa mwezi kwa mwezi. Hulipa mwaka mzima mbele. Hivyo mwalimu wetu anahitaji Sh7,425 kwa pamoja.

Kumbuka kanuni hii rahisi, msomaji: asilimia 2.75 mara miezi kumi na miwili ni asilimia 33. Maana yake mchango wa mwaka ni kama theluthi ya kipato cha mwezi mmoja. Mwenye Sh12,000 kwa mwezi atahitaji Sh3,960. Mwenye Sh40,000 atahitaji Sh13,200. Na kuna kiwango cha chini ambacho hakuna anayelipa chini yake: Sh300 kwa mwezi, au Sh3,600 kwa mwaka.

Zamani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Hadi mapema mwaka 2015 asiye na mshahara alilipa NHIF Sh160 kwa mwezi, kisha kiwango kikapanda hadi Sh500 kwa wote. Mpango wa sasa umemshushia mzigo yule maskini kabisa, kutoka Sh6,000 hadi Sh3,600 kwa mwaka, lakini umempandishia mwenye pensheni nene.

MASWALI YA MALI

Kuna jambo la kuangaliwa hapa. Mstaafu halipi kwa kuonyesha hati ya pensheni pekee. Kiwango chake hutokana na majibu ya maswali kuhusu hali ya nyumba yake: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, watu wangapi wanaishi hapo, kuna mali gani. Mtambo hukadiria kipato kutokana na majibu hayo. Kwa hivyo kiwango kinachotoka kinaweza kuwa juu au chini ya ile theluthi tuliyoipigia hesabu.

Katika familia nyingi maswali haya hujibiwa na kijana aliye Nairobi, ana simu nzuri na haraka nyingi. Anajaza akikumbuka nyumba alivyoiacha miaka kumi iliyopita. Kumbe kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na mizoga ya mifugo ikajaa kando ya barabara za Wajir. Mzee aliyekuwa na ngamia ishirini huenda leo ana watatu. Ukiulizwa juu ya mali, taja iliyopo leo. Kwa upande mwingine, usimfanye baba fukara ilhali ana nyumba ya mawe na gari la kubeba abiria. Jibu la uongo linaweza kumgeukia siku anapolihitaji zaidi.

Lililo bora ni kumpigia simu na kuyajibu maswali pamoja naye. Najua kwamba kwa mila zetu si rahisi kumuuliza baba, au ami yako ambaye Wasomali humwita adeer, "Una mali kiasi gani?" Muulize kwa adabu. Mweleze kwa nini unauliza. Mzee aliyesimamia familia maisha yake yote hapendi kuhesabiwa na watoto, lakini ataelewa akijua kwamba hesabu hiyo ndiyo itakayomfungulia mlango wa wodi. Kiwango kikitoka na mkaona hakilingani na hali halisi, nendeni ofisi ya SHA mkalalamike mkiwa na ushahidi. Kukasirika na kuacha kulipa ni kujiadhibu wenyewe.

NINI BURE, NINI CHA KULIPIA

Wako wanaosema, "Serikali ilitangaza matibabu ni bure, sasa hizi pesa ni za nini?" Wana haki ya kuuliza. Sheria iliunda hazina tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni Hazina ya Afya ya Msingi. Hii hulipia matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Mgonjwa halipi chochote wala hadaiwi mchango. Anachotakiwa ni kuwa amesajiliwa. Kwa mzee wa Tarbaj mwenye shinikizo la damu au kisukari hii ni hazina kubwa, kwani kupimwa na kupewa dawa ni mambo ya kila mwezi. Aanzie zahanati ya karibu. Akiruka kwenda hospitali kubwa kwa maradhi madogo, anaweza kuambiwa atoe pesa mfukoni.

Ya pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii. Hii ndiyo inayohitaji mchango tuliouzungumzia. Hulipia kulazwa, upasuaji, kusafishwa damu na huduma nyingine za hospitali. Bila mchango wa mwaka, mlango huu umefungwa.

Ya tatu ni hazina ya dharura na maradhi sugu, ambayo huingia pale fedha za hazina ya pili zinapokwisha kwa mgonjwa mwenye maradhi kama saratani.

Kuona faida yake, tazama ratiba ya malipo iliyotolewa Novemba 2024. Siku moja ya kulazwa katika hospitali ya ngazi ya 4 iliwekewa Sh3,360. Ngazi ya 5 Sh3,920. Ngazi ya 6, kama Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Sh4,480. Mzee akilazwa wiki moja kwenye ngazi ya 4, hiyo ni Sh23,520. Inapita pensheni ya mwezi mzima ya mwalimu wetu, na ni zaidi ya mara tatu ya mchango wake wa mwaka. Kusafishwa damu kwa mwenye maradhi ya figo kuliwekewa Sh10,650 kila mara. Anayesafishwa mara mbili kwa wiki huhitaji Sh85,200 katika majuma manne. Ni mbuzi wangapi watauzwa kila mwezi kupata fedha hizo?

Tusidanganyane, hata hivyo. Bima haimalizi gharama zote za mtu wa Tarbaj. Hailipi gari la kukodi la kumleta nduguye kumwangalia, wala chumba cha kulala na chakula cha anayemsindikiza mgonjwa Garissa au Nairobi. Mvua kubwa zikinyesha barabara hukatika, na pengine siku mbili hupita kabla gari halijapatikana. Familia yenye busara huweka akiba ndogo ya safari kando ya bima. Akiba haiozi.

Tena, hospitali zenyewe zimekuwa na matata. Mwaka 2025 hospitali za kibinafsi ziligoma kuwahudumia wanachama wa SHA kwa sababu ya madeni, na nyingine zikasimamishwa kwa shutuma za kudai fedha kwa wagonjwa hewa. Kabla ya kumsafirisha mzee kilomita mia kadhaa, piga simu kwanza uulize kama hospitali unayompeleka inapokea SHA kwa ugonjwa huo.

MCHANGO WAKO HAUMLIPII BABA

Hili nalisisitiza kwa wasomaji walioajiriwa. Wengi huamini kwamba kwa kuwa wanakatwa kila mwezi, wazazi wao pia wametibiwa humo. Sivyo. Makato yako yanakulipia wewe, mwenzi wako na watoto wanaokutegemea. Baba na mama ni nyumba nyingine. Lazima wajisajili wao, na mchango wao ulipwe kwa jina lao. Wewe unaweza kuwalipia kwa simu yako ukiwa Nairobi, na hakuna anayekukataza.

Kuna nafuu moja. Ikiwa baba amestaafu lakini mama bado ni mwajiriwa, au kinyume chake, yule aliye kazini anaweza kumwandika mwenziwe, na makato yake yatawalipia wote wawili hadi naye atakapostaafu. Hakikisheni jina limeandikwa kabla ya maradhi kubisha hodi.

Je, na mama asiye na pensheni? Wazee wa miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni wamekuwa wakisaidiwa na mpango wa Inua Jamii kwa Sh2,000 kwa mwezi. Kumtaka alipe Sh3,600 ni kumchukulia karibu fedha za miezi miwili. Sheria inasema serikali iwalipie wasiojiweza, na Oktoba 2025 Rais William Ruto alizindua mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wa aina hiyo. Muulize chifu au mhudumu wa afya wa kijiji kama jina la mama limo. Kama halimo, Sh3,600 ikigawanywa kwa watoto wanne ni Sh900 kila mmoja kwa mwaka mzima. Wapo wanaomaliza kiasi hicho kwa soda na viazi katika wiki moja.

NJIA YA KUJISAJILI

Kujisajili hakulipiwi. Ukiombwa "ada ya fomu" na mtu yeyote, jua umekutana na tapeli. Unaweza kubonyeza *147# kwenye simu yoyote, hata ile ndogo ya tochi. Unaweza pia kutumia tovuti ya Afya Yangu, au kwenda kituo cha afya au Huduma Centre. Mhudumu wa afya wa kijiji naye anaweza kumsaidia mzee pale pale nyumbani.

Kinachotakiwa hasa ni kitambulisho cha taifa na nambari ya simu. Hapa watu wa kaskazini mashariki wana kilio chao cha miaka mingi. Kupata kitambulisho kulihitaji kuhojiwa na kamati za ukaguzi, utaratibu ambao Rais Ruto alitangaza kuufuta akiwa Wajir Februari 2025. Wapo pia Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi wakati wa njaa ili wapate chakula, na alama zao za vidole zikawafungia kitambulisho. Mwenye shida hiyo aishughulikie sasa akiwa mzima. Bila kitambulisho safari hii haianzi.

Kuhusu simu, sajili nambari ambayo mzee anaishika mwenyewe. Watu wengi hutumia nambari ya mtoto aliye mjini. Ujumbe wa uthibitisho ukitumwa mzee akiwa kwenye kiti cha daktari Wajir, wewe uko kwenye mkutano Nairobi na simu umeizima. Tena mfundishe asimsomee mtu yeyote nambari ya siri asipokuwa hospitalini anatibiwa.

KWA ALIYE BADO KAZINI

Ikiwa wewe msomaji umebakisha miaka michache, usingoje siku ya kuagwa kwa keki na blanketi. Pensheni ya kwanza mara nyingi huchelewa, na wako waliokaa miezi mingi wakiisubiri. Katika miezi hiyo huna mshahara wala pensheni, na bima imesimama. Kwa hivyo, toa mchango wa mwaka wa kwanza kwenye mishahara yako ya mwisho. Mara tu unapostaafu, badilisha hali yako SHA kutoka mwajiriwa hadi asiye na mshahara, jibu yale maswali, ulipe.

Kiinua mgongo nacho kina marafiki wengi. Siku kinapoingia benki, kila jamaa ana biashara ya kukushauri. Kabla ya kununua lori au kuongeza ngamia, tenga michango ya miaka kadhaa. Mwalimu wetu wa mfano akitenga Sh74,250 kutoka katika milioni yake moja na laki nane, ana mchango wa miaka kumi, kama kiwango hakitabadilika. Atakuwa ametumia takriban shilingi nne katika kila mia.

Waajiriwa vijana wana nafasi nzuri zaidi. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024, fedha unazoweka katika mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu hazitozwi kodi hadi Sh15,000 kwa mwezi. Muulize mwajiri wako au wasimamizi wa mfuko wako wa pensheni kama wana mfuko wa aina hiyo. Habari njema nyingine ni kwamba sheria hiyo hiyo iliondoa kodi kwenye pensheni ya aliyefikisha umri wa kustaafu.

Na kwa asiyeweza kutoa fedha za mwaka mara moja, kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulioanzishwa mwaka 2025, ambapo mtu hupewa njia ya kulipa kidogo kidogo. Soma masharti yake kwanza, kama unavyosoma ya mkopo wowote.

Nakuachia kazi moja, msomaji. Leo ni Jumapili, simu za nyumbani hupigwa. Ukishamaliza kuulizia mvua na mifugo, uliza mambo matatu: Umesajiliwa SHA? Mchango wa mwaka huu umelipwa? Unaisha tarehe ngapi? Hiyo tarehe iandike kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo nyote mtaiona, na mkubaliane nani atalipa mwaka ujao. Ukisikia kimya upande wa pili, usimgombeze mzee. Chukua kalamu, muanze pamoja.

Hadi Jumapili ijayo panapo majaaliwa, nawatakia afya njema.